Farasi kulala si shida, shida ni kuamka

Jumamosi tulikuwa Njoro kuhasi dume la miaka mitatu, sasa saisi wake, mzee ameshika farasi tangu mimi niko nasari, akaniuliza, "Daktari, leo si umeacha ile dawa ya siku ile?" Nikajua anaongelea thiopentoni, dawa ya kulaza mnyama ya kudunga mshipani.

Siku ile ilikuwa jike amekatwa na senyenge. Kulala alilala vizuri, kama gunia la waru limeshushwa, nikamwongeza dozi mara mbili ndio nimalize kushona. Sasa kuamka! Anainuka, miguu ya nyuma inakataa, anakaa kama mbwa, anagonga fensi, anaanguka tena, mzee ameshika mkia mimi nimeshika kamba ya kichwa, na nyuzi zangu zote zikaachia. Thiopentoni ukiongeza ongeza inajilimbikiza mwilini. Halafu ni kali, kidogo ilimwagika nje ya mshipa na baada ya siku chache ngozi ya shingo ikaanza kubambuka.

Siku hizi mimi ni zailazini, ile ya kumlewesha atulie, na ketamini, ile ya kumlaza. Zailazini kwanza, miligramu 1.1 kwa kilo, mshipani polepole, halafu unangoja, na hapa ndio watu huharibu kazi. Ngoja dakika tano, msipige kelele, mpaka kichwa kishuke karibu na magoti na mdomo wa chini uning'inie. Ukimpiga ketamini kabla hajalewa anakakamaa na kupandwa wazimu. Akishalewa ndio unapeana ketamini miligramu 2.2 kwa kilo na diazepamu kidogo ya kulegeza misuli, dakika moja mbili ako chini, na una kama robo saa ya kazi.

Dume letu kwa tepu ya kukadiria uzito alikuwa kilo 350, so ketamini miligramu 770. Soma chupa bana, kuna ya 50 kwa mili na kuna ya 100, ni mili 15 ama karibu 8. Zailazini nayo, ile ya ng'ombe ya asilimia 2 itakufanya udunge mili 19, tafuta ya asilimia 10.

Kitu ingine, na ketamini macho yanabaki wazi na yanapepesa. Mwenye farasi alinivuta shati, "huyu ako macho!" Hapana, angalia anavyopumua, na umfunike taulo usoni.

Propofoli, dawa ingine ya kulaza, nimewaachia watu wa mbwa, kwa farasi ni mili nyingi, bei, na akianguka anapiga miguu kama anaendesha baiskeli. Punda naye ketamini inamtoka haraka kuliko farasi, weka sirinji ya kuongeza tayari ama atakuamkia ukiwa na koleo mkononi.

Dume alilala kama dakika 25, akageuka akalalia kifua, akatulia hapo akitazama tazama, halafu akasimama mara moja, miguu ikitetemeka kidogo tu. Mzee akaokota taulo, akaniambia chai iko.