Chai ya viungo na kabalagala, vipimo utajipangia

Watu wakija kwangu hapa Busia wakanywa chai swali ni lile lile, eti umeweka iliki ngapi, na mimi jibu sina juu sihesabugi, naingiza mkono kwenye kopo na kilichotoka ndicho hicho. Safari hii iliki inaweza kuwa ya kijani, inanukia hadi nje, safari nyingine imekaa dukani mpaka imepauka, sasa ukiniambia iliki sita, sita gani hizo?

Ila kuna kitu kimoja sikuruhusu uchezee, ni mpangilio. Maji kwanza na viungo ndani, maziwa baadaye. Tangawizi mbichi hasa, ukiitupa kwenye maziwa yanakatika, juu ndani yake kuna kimeng'enya kinachogandisha maziwa na kinachokiua ni moto. Kwa hivyo ponda tangawizi, chemsha kwenye maji dakika tano hivi pamoja na iliki iliyopondwa na maganda yake, kijiti cha mdalasini, pilipili manga punje chache. Karafuu nenda nayo polepole jamani, ikizidi utadhani unakunywa dawa ya meno. Halafu maziwa, mimi natia sawa kwa sawa na maji, lakini yakiwa mazito ya ng'ombe wa jirani naongeza maji, yakiwa mepesi napunguza. Majani ya chai yanaingia mwisho. Haya yetu ya Uganda mengi ni ya CTC, vile vipunje vidogovidogo, yanatoa rangi chapchap, yakitokota mara moja au mbili epua, ukiyasahau motoni utakunywa uchungu na sukari haitakuokoa. Kama uani una mujaaja, ule mmea wa majani yanayonukia tunaotia kwenye chai, chuma majani kidogo utupe ukishaepua na ufunike sufuria, lakini siku ya mujaaja acha iliki, zinagombana. Najua kuna watakaobisha, wabishe tu.

Sasa cha kutafuna. Mandazi kila mtu anajua, mimi napenda kabalagala, vile vitumbua bapa vya kukaanga vya ndizi mbivu na unga wa muhogo. Chukua zile ndizi fupi tamu, ziive mpaka ganda liwe na madoa meusi, zile ambazo muuzaji anakupunguzia bei ili aziondoe mezani. Ponda kwa mkono mpaka ziwe uji, kisha unga wa muhogo kidogo kidogo. Maji usitie kabisa! Ndizi zenyewe zina maji, na kwa kuwa kila kichane kinaivia kivyake hakuna mtu anaweza kukupa kipimo cha unga, vidole ndio vinakuambia, donge likiacha kung'ang'ania basi simama hapo hapo, ukiendelea kuongeza zitakuwa ngumu zikipoa. Chumvi kidogo, wengine wanatia pilipili, sukari sioni kazi yake. Sukuma, kata kwa mdomo wa glasi, kaanga kwa moto wa wastani, juu ukiwa mkali utamu wa ndizi unaungua haraka, nje nyeusi ndani mbichi.

Unga wa muhogo ukikosekana, wa ngano unakubali, ila ule mvutano wa kutafuna hutaupata. Zikibaki, kesho yake zipashe kwenye kikaango kikavu bila mafuta. Chai iliyolala mimi sipashi, napika nyingine.