Siku moja maishani mwangu: Jumatano ya kocha wa mabeki

Saa 11:40 alfajiri

Des Moines bado ni giza. Hapa Iowa, Marekani, mechi za sekondari za futiboli ya Kimarekani huchezwa Ijumaa usiku, kwa hiyo Jumatano ndiyo siku ya mwisho ya mazoezi mazito. Kisichoeleweka leo, Ijumaa kitatuumbua.

Nafungua Hudl, programu ya video za michezo, na kuangalia video za mechi tatu za mwisho za wapinzani. Kila mchezo, yaani kila shambulizi moja tangu mpira utolewe hadi ukome, nauangalia mara tatu: kwanza wapokeaji, wale wanaokimbia kudaka pasi, wamejipangaje, kisha mpokeaji wa pili kutoka pembeni anakimbilia wapi, mwisho macho ya kwotabeki, mrusha pasi. Kwenye jedwali naandika ni jaribio la ngapi kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10, yadi ngapi zimebaki, mpira uko upande gani wa uwanja, nani alihama kabla mpira haujatolewa kuanzisha mchezo, na pasi ilikwenda umbali gani. Safu ninayoijali zaidi ni ile ya mwisho: walifanya nini walipoona sefti, yaani beki wa nyuma kabisa, mmoja tu, na walifanya nini walipoona wawili.

Kukaba pasi ni hesabu kwanza. Kati ya wachezaji 11, kwa kawaida wanne wanamvamia kwotabeki, wanabaki saba. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi. Ukiweka wawili nyuma, yaani Kava 2, kila mmoja analinda yadi karibu 27, na mbele yao una watano. Ukiweka watatu, Kava 3, kila mmoja ana yadi 18 hivi, mbele wanabaki wanne. Ukiweka wanne, Kava 4, kila mmoja ana yadi 13 na kitu, ila mbele wanabaki watatu tu. Mtu wa nane hayupo. Kila mpango una mlango uliobaki wazi, na kocha anachagua mlango ambao mpinzani wa wiki hii hana mtu wa kuupitia.

Saa 1:15 asubuhi

Kikao cha mabeki, dakika 20 kabla ya kengele. Tunaanza na kuhesabu wapokeaji: kutoka pembeni kuja ndani, namba 1, namba 2, namba 3, bila kujali namba za jezi. Mmoja akihama, hesabu inaanza upya, na kila beki anaitaja kwa sauti. Makosa mengi tunayoyaona Ijumaa chanzo chake ni hapa: mabeki wawili wamemhesabu mtu mmoja, na mwingine hana mwenyewe.

Kisha maswali ya haraka ubaoni. Kava 0 haina mtu nyuma: sita wanavamia, watano wanakaba mtu kwa mtu, na beki akiteleza hakuna wa kumfunika. Kava 1 ina sefti mmoja katikati nyuma, watano wanaokaba mtu kwa mtu, na mmoja aliye huru yadi 8 hadi 10 kunyemelea njia za kukatiza. Tatizo lake ni pale wapokeaji wawili wanapopishana na mabeki wakagongana. Dawa yake ni kubadilishana: beki wa nje anachukua atakayetoka nje, wa ndani anachukua atakayeingia ndani, na wasisimame kwenye mstari mmoja. Mmoja yadi 4, mwenzake 7.

Kava 2 inapigwa kwa namna moja iliyozoeleka. Namba 1 anasimama yadi 5. Namba 2 anapanda yadi 12 kisha anakata kuelekea pembeni. Beki wa kona, anayelinda pembeni, amebaki katikati ya wawili. Akipanda na wa juu, wa chini anapokea. Akimrukia wa chini, pasi inapita juu yake. Tunamfundisha azame nyuma mpaka mpira umrudishe mbele, kwa sababu yadi 5 tunaweza kuzivumilia, yadi 20 hatuwezi.

Na mlango wa katikati, kati ya sefti wawili? Tampa Bay Buccaneers ya NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, chini ya kocha mkuu Tony Dungy na kocha wa ulinzi Monte Kiffin, kuanzia 1996, iliufunga kwa kumkimbiza lainibeka wa kati, mlinzi anayesimama kati ya safu ya mbele na mabeki, kurudi nyuma mpaka kwenye nafasi hiyo. Dungy alishaondoka timu iliposhinda Super Bowl, fainali ya NFL, ya msimu wa 2002, Januari 2003, lakini Kiffin aliendelea na mpango uleule, na waliiba pasi tano dhidi ya Oakland Raiders. Vijana wanapenda kuona pasi zikiibwa. Mimi nawaonyesha Shelton Quarles, lainibeka wa kati: mpira ukitoka tu, anageuza kiuno na kukimbia. Bei yake ni tundu la yadi 10 mbele, pale alipokuwa amesimama.

Saa 2 hadi saa 9

Vipindi vya darasani. Wakati wa chakula cha mchana nachora kadi 12 za michezo ya wapinzani kwa ajili ya kikosi cha akiba kitakachowaigiza. Kila njia naiandikia yadi, kwa kuwa mpokeaji wa mazoezi akikata yadi 8 badala ya 12, sefti atajifunza kitu kisichokuwepo.

Saa 9:35 alasiri

Uwanjani na koni. Kwenye viwanja vya sekondari alama za hashi, mistari mifupi inayoonyesha mpira unaweza kuwekwa umbali gani kutoka pembeni, zinagawa upana wa uwanja katika theluthi tatu sawa, tofauti na NFL ambako zimekaribiana sana katikati. Maana yake, mpira ukiwa kwenye hashi ya kushoto, kushoto pana yadi 18 hivi na kulia pana zaidi ya 35. Kulinda pande hizo mbili kwa namna moja ni kupoteza watu. Ndiyo maana tunacheza Kava 6 sana: upande mpana Kava 4, upande mwembamba Kava 2, na ukijumlisha unapata jina. Pasi ya kwenda pembeni upande mpana inasafiri angani muda mrefu, na mikono ya miaka 17 inayoweza kuifikisha kwa wakati ni michache. Mlango huo tunauacha kwa hiari.

Saa 10:25 jioni

Hapa ndipo siku yangu ilipo. Tunakata uwanja nusu: wapokeaji wawili, beki wa kona yadi 7 kutoka kwa namba 1, sefti yadi 10 juu ya namba 2, na nikeli, beki wa tano, yadi 5 akimwelekea huyohuyo namba 2. Ni Kava 4, lakini hakuna anayelinda nyasi tupu. Wote wanamsoma namba 2.

Namba 2 akipanda moja kwa moja kupita yadi 8, ni wa sefti, na beki wa kona yuko peke yake na namba 1. Akitoka nje mapema, nikeli anakwenda naye, na sefti anahamisha macho kwa namba 1, akimfunga ndani huku wa kona akimfunga nje. Akiingia ndani chini chini, sefti anapiga kelele ili lainibeka wa kati ampokee, kisha macho yanarudi kwa namba 1.

Tazama miguu ya sefti. Magoti yamekunjwa, uzito uko mbele ya nyayo, hatua mbili fupi za kurudi, halafu anatulia. Kijana mwenye kasi anamaliza yadi 10 ndani ya sekunde mbili. Sefti akiitumia sekunde ya kwanza kumwangalia kwotabeki, akirudisha macho namba 2 yuko kwenye vidole vyake, na kiuno bado kinaelekea mbele. Hapo amekwisha pitwa. Kasi haina lawama. Macho ndiyo yaliyochelewa.

Timu yetu ina vijana kadhaa waliotoka familia za Kongo na Burundi, waliokulia kwenye soka. Kukaba eneo wanakuelewa haraka kuliko wengine, na kupokezana mtu hakuwasumbui. Kinachowasumbua ni mazoea ya kuufuata mpira kwa macho. Kwenye zoezi hili namfunika kwotabeki kwa ngao ya mazoezi, sefti asimwone kabisa mpaka amsome namba 2.

Mchezo mgumu kuliko yote unakuja mwisho: namba 2 anapanda yadi 12 na kukata ndani, namba 1 anapita nyuma yake akielekea milingoti ya goli. Sefti akimrukia namba 2, beki wa kona aliyesimama upande wa nje ameachwa peke yake upande usiofaa. Tunaurudia mara sita. Beki wa kona anahamia bega la ndani la namba 1, sefti anabaki juu ya namba 2 bila kumrukia, na lainibeka anazama chini ya njia ile. Leo kwenye marudio ya nne wamepatia wote watatu kwa pamoja, na nimefurahi kweli.

Saa 11 jioni

Saba kwa saba, zoezi la pasi tu. Nashika saa, mpira usipotoka ndani ya sekunde tatu, filimbi, kwa sababu hapa hakuna wavamizi na kwotabeki anaweza kusubiri hadi kesho. Wapokeaji wanne wanapanda wima dhidi ya Kava 3. Mabeki wa kona wanawachukua wawili wa nje, na sefti mmoja anabaki na wawili kwenye vichochoro vya kati. Makocha Nick Saban na Bill Belichick walilishughulikia tatizo hili wakiwa Cleveland Browns ya NFL, 1991 hadi 1994. Walinzi walioko chini, mbele ya sefti, wanaacha kukaa kwenye vituo vyao. Namba 2 akipanda wima, wanapanda naye. Sefti wa kati anabaki kuwa msaada, hana mzigo wa wawili.

Saa 11:25 jioni

Kikosi kizima, na kuficha mpango. Sefti wawili wanasimama kwenye hashi, yadi 12, kana kwamba ni Kava 2; mpira ukitoka, mmoja anakwenda katikati na mwingine anashuka. Kutoka hashi hadi katikati ni karibu yadi 9. Wakiondoka mapema, kwotabeki anabadilisha mchezo. Wakichelewa, kichochoro kiko wazi. Alama yetu ni kichwa cha mchezaji anayetoa mpira: kikiinama, wanabaki palepale, mpira ukisogea, wanakwenda.

Halafu geresha. Kwotabeki anajifanya kumkabidhi mkimbiaji mpira, na sefti wa Kava 4, ambaye pia ana kazi ya kuzuia mbio, anapanda hatua tatu. Tatu ni nyingi. Akimwona namba 2 akipita bila kumzuia mtu, hata moja ni nyingi.

Saa 2:30 usiku

Video ya mazoezi nimeimaliza, inabaki karatasi ya Ijumaa. Wapinzani hupenda kupanga wapokeaji watatu upande mpana na mmoja upande mwembamba. Namba 3 akipanda wima, lainibeka wa kati hawezi kumkimbiza peke yake. Kwa hiyo sefti wa upande mwembamba anavuka kumchukua, na beki wa kona wa upande huo anabaki mtu kwa mtu bila msaada. Nimemtumia video nane za mpokeaji wake na maelekezo mafupi: yadi 7, bega la ndani, asitazame nyuma mpaka mikono ya mpokeaji inyanyuke.