Bega kwanza: nilivyopata nguo zinazonikaa vizuri kazini na siku za mapumziko

Mimi ni mfupi kiasi, nina mabega membamba na nyonga pana, na kwa umbo la namna hii karibu kila nguo iliyoshonwa kiwandani huwa na sehemu moja inayokaa sawasawa na nyingine inayopwaya au kubana. Naandika kueleza nilivyofikia hatua ya kuwa na nguo chache ambazo zote zinanipendeza, za ofisini Arusha ninakofanya kazi ya uhasibu na za mwisho wa juma Moshi waliko wazazi wangu, bila kuongeza nguo mpya kila mshahara unapotoka. Msingi wa yote ni huu: ninaichagua nguo kwa sehemu yake ambayo fundi hawezi kuirekebisha kwa urahisi, na zilizobaki namwachia fundi.

Kwa nguo za juu sehemu hiyo ni bega. Mshono unaounganisha mkono na kiwiliwili unapaswa kukaa pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiteremka chini ya hapo, mtu huonekana amevaa nguo ya kuazima hata kama ni ya bei kubwa. Ukipanda kuelekea shingoni, kitambaa huvutana kifuani kila unapoinua mkono. Kulirekebisha bega ni kufumua mkono mzima, kupunguza kitambaa hadi kwapani na kuushona upya, na kwa koti lenye bitana na pedi hiyo ni kazi ambayo mafundi wazuri wengi hawapendi kuigusa. Kiuno, kinyume chake, hupunguzwa kwa mishono ya pembeni, na upindo hupandishwa mteja akiwa amesimama palepale anasubiri.

Kwa nguo za chini kanuni ni ileile, ila mahali pake ni nyonga. Nanunua sketi au suruali inayopita vizuri kwenye nyonga hata kama kiunoni inaingia mkono mzima, kwa sababu kiuno kikubwa kinapunguzwa, lakini nyonga iliyobana huweza kuachiwa kwa kadiri ya kitambaa kilichosalia ndani ya mshono tu, na nguo nyingi za kiwandani huachwa na akiba ndogo sana ya kitambaa hicho. Wanawake wengi ninaowafahamu hufanya kinyume: hufurahia kwamba zipu imefunga kiunoni, kisha hutumia siku nzima wakivuta sketi ishuke mahali pake.

Vipimo vyangu nilivipima kwa futi kamba nikiwa nimevaa nguo nyepesi, nikaviandika kwenye simu: bega hadi bega kwa nyuma, kifua, kiuno, nyonga mahali palipo panene zaidi, na urefu kutoka kiunoni hadi chini kidogo ya goti. Namba zilizoandikwa kwenye lebo sizitegemei. Namba 12 ya Uingereza inakaribiana na namba 8 ya Marekani, na katika rundo moja la mitumba nguo za nchi hizo zote zimechanganyika, pamoja na zilizonywea kwa kufuliwa kabla hazijafika kwetu. Natembea na futi kamba ndani ya mkoba, na muuza mitumba aliyezoea kazi yake hakatai kupimiwa nguo mbele ya macho yake.

Moshi, mitumba nachagua zaidi soko la Memorial, na mara nyingine la Kiboriloni. Naenda asubuhi, si kwa ajili ya kuwahi belo likifunguliwa tu, bali pia kwa ajili ya mwanga, maana chini ya maturubai na taa za jioni rangi hudanganya: bluu ya giza huonekana nyeusi, na suruali uliyodhani inalingana na koti lako huonekana ya rangi nyingine kabisa ukiitoa juani. Nikishalipenda koti, naligeuza ndani nje. Natazama kwapani, pale jasho linapokula kitambaa kwanza; natazama kama bitana imeachia; natazama upindo wa mikono una akiba kiasi gani. Kwa suruali natazama mahali mapaja yanaposuguana, kwa kuinyoosha kuelekea jua. Kitambaa kilichoanza kuonyesha mwanga hapo hakitamaliza msimu, na hakuna punguzo la bei linalonishawishi.

Kisha naenda kwa fundi. Namlipa bila kubishana sana, kwa kuwa nimeona kwamba fedha ninayoiweka kwenye marekebisho huniletea sura nzuri kuliko fedha ileile ningeiongeza kwenye bei ya nguo. Fundi wangu hushona barazani, na siku niliyompelekea koti la kijivu lililokuwa pana kiunoni alilitazama nikiwa nimelivaa, akanizunguka, akasema, “Dada, bega limekaa. Mengine niachie mimi.” Alilibana kidogo kiunoni na kulifupisha liishie juu ya nyonga. Urefu huo una maana kubwa kwa umbo langu. Mahali nguo inapoishia panachora mstari wa kukata mwili, na jicho husimama hapo. Koti lililokuwa likiishia kwenye nyonga lilikuwa likionyesha upana wangu na kuufupisha mguu, na sasa linaonyesha kiuno. Kwa sababu hiyohiyo sketi zangu huishia chini kidogo ya goti, mguu unapoanza kuwa mwembamba, wala haziishii katikati ya shavu la mguu palipo panene.

Kuhusu kazini, anayetumikia serikali ana Waraka wa Utumishi wa mwaka 2007 unaohusu mavazi, na hata ofisi nyingi binafsi hufuata roho yake: nguo isibane, isiwe fupi, isionyeshe maungo. Mimi sioni kwamba masharti hayo yanamzuia mtu kupendeza. Nguo inayobana haimpendezi hata mwenye umbo linalosifiwa, kwa kuwa mikunjo ya kitambaa kilichovutwa ndiyo watu wanayoiona kwanza. Kabla sijaikubali nguo ya ofisini nafanya mambo matatu mbele ya kioo: nakaa kwenye kiti, nanyoosha mikono mbele kana kwamba naandika kwenye kompyuta, na nainama kuokota kitu. Blauzi ikiachama kati ya vifungo, au sketi ikipanda juu ya goti nikikaa, naiacha. Baadaye namwomba mtu anipige picha kwa simu kutoka nyuma na ubavuni, kwa kuwa wenzangu ofisini huniona zaidi kutoka pande hizo, na kioo cha nyumbani hakizionyeshi.

Rangi nyepesi na mapambo, kama kola kubwa au marinda madogo begani, naviweka juu, na rangi za giza zisizo na maua naziweka chini. Hivyo mabega yanaonekana kulingana na nyonga. Siku ninapotaka kuonekana mrefu navaa juu na chini rangi moja au zinazokaribiana. Mwenye mabega mapana na nyonga ndogo afanye kinyume changu: shingo ya herufi V isiyo na mapambo juu, na sketi yenye marinda au maua chini. Nyeusi tupu siitumii sana Arusha, kwa kuwa vumbi la kiangazi huonekana juu yake kabla hujashuka kwenye daladala. Kahawia, kijani cha jeshi na bluu ya giza hustahimili zaidi.

Hali ya hewa ilinifundisha kusoma lebo za vitambaa. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi, umbali wa kilomita kama 80 tu, iko chini ya mita 900. Mwezi Julai naweza kuondoka Arusha asubuhi nikiwa na sweta na kitambaa shingoni, na mchana niko Moshi natafuta kivuli. Mwezi Februari joto la Moshi hupita nyuzi 30, na blauzi ya poliesta hugandamana na mgongo, kwa kuwa nyuzi zake hazinyonyi jasho. Kwa hiyo nguo za kugusa ngozi nachagua pamba au lineni, ingawa lineni hukunjamana na si ya siku ya mkutano, na joto la mwili nalilinda kwa tabaka za juu zinazovulika: sweta jembamba, kisha koti. Sweta nene moja hunenepesha na hakuna pa kuliweka jua likitoka.

Za mapumziko si nyingi. Nina suruali za jinsi za bluu ya giza zisizochanika, zilizopunguzwa kiuno, gauni la pamba la kupanuka kuanzia kiunoni, na fulana zenye bega sahihi, kwa maana kanuni ya bega haina likizo. Gauni hilo nikilivalia koti la kijivu hunifikisha hata ofisini siku za Ijumaa.

Shughuli kubwa ya mapumziko upande wetu ni sherehe, na hapo huja sare. Kamati ya harusi huchagua kitenge, nawe huna sauti kuhusu rangi wala maua, lakini mshono ni wako, na ndipo watu wengi hupoteza nafasi kwa kumwambia fundi ashone kama cha fulani. Mimi hukiloweka kwanza kitambaa na kukianika, kwa sababu cha pamba hunywea, na gauni lililoshonwa kabla ya hapo hubana baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Halafu nakitandaza mezani pamoja na fundi kabla mkasi haujagusa chochote, tuone ua kubwa litaangukia wapi. Nataka liwe kifuani au karibu na upindo, lisikae juu ya nyonga, na kama linapaswa kurudiwa pande zote mbili lilingane, basi kitambaa zaidi kitahitajika. Ni heri kujua hilo wakati duka bado lina kitenge kilekile. Kwa harusi za Desemba, watu wanaporudi kwao Machame, Marangu na Rombo, nampelekea fundi kitambaa mapema Novemba, nikimwomba siku ya kujaribisha kabla hajamalizia upindo na zipu, maana katikati ya Desemba hata fundi mwaminifu hana tena nafasi ya kufumua kitu.