Mfuko Mweupe wa Majengo

Novemba 2019, Dominika moja baada ya misa, nilisimama katikati ya watu kwenye avenyu moja ya mtaa wa Majengo, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nimevaa ovaroli nyeupe ya fundi rangi, buti za mpira, barakoa na miwani ya fundi wa kuchomelea. Mbele yangu, kwenye mkeka uliotandikwa juu ya mawe ya volkano, alilala mwenzetu ndani ya mfuko tulioushona kwa magunia ya mchele. Yeye alikuwa maiti. Mimi nilikuwa timu ya mazishi.

Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Ikala watu katika miji ya Beni na Butembo mwaka mzima, kisha tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza akathibitishwa Goma, mtu aliyetoka Butembo kwa basi. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Milango ya maduka ikajaa bidoni za maji ya klorini, na maneno nayo yakajaa: kwamba ni biashara, kwamba riposti inakula pesa (riposti ndilo jina tulilowapa wote waliokuja kupambana na ugonjwa), kwamba maiti wanatolewa viungo na mifuko inajazwa mawe.

Hilo la mifuko ndilo watafiti walilotaka kulielewa. Walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali, na karibu kila nyumba iliwajibu vizuri: ndiyo, tunakubali mazishi salama, yaani maiti awekwe ndani ya mfuko na kuzikwa na timu yenye mavazi ya kinga. Sasa nani atamwambia mgeni mwenye kalamu na fulana yenye nembo kwamba hakubali? Ndipo wakakumbuka kwamba Goma ina vikundi vya wachezaji wa maigizo, wakaja kwetu.

Tulichagua maigizo shirikishi, mtindo aliouanzisha Augusto Boal wa Brazili miaka ya 1970. Mchezo unachezwa mara ya kwanza mpaka mwisho wake mbaya. Kisha unaanza upya, na mtazamaji yeyote ana haki ya kuusimamisha, kuingia uwanjani, kuchukua nafasi ya mchezaji na kufanya lile ambalo yeye angelifanya. Wachezaji waliobaki hawana maandishi tena. Wanamjibu tu, kama maisha yanavyomjibu mtu.

Mchezo wetu ulikuwa hivi: bibi anakataa mjukuu wake asichukuliwe, anamwosha maiti usiku kwa mikono mitupu, na baada ya siku kadhaa nyumba nzima inaugua. Kwamba mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza sana ni kweli, na ilibidi kusemwa. Lakini yule bibi tulikuwa tumemwandika kama mtu asiye na akili, na hilo bado linaniuma. Mara ya kwanza watu walicheka tulipotaka wacheke, wakanyamaza tulipotaka wanyamaze. Nilidhani tumefaulu.

Tulipoanza mara ya pili, mama mmoja wa makamo akapaza sauti: "Musimame!" Alikuwa na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kichwani. Akamkabidhi mtoto beseni, akachukua kitenge cha bibi, akajifunga, akaketi karibu na mfuko. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliinua macho akanitazama mimi.

"Weye uko nani?"

Maandishi yetu hayakunipa neno hata moja la kusema. Kazi yangu ilikuwa kuingia, kunyunyiza, kubeba. Nikajibu, "Timu ya mazishi, mama."

"Timu haina mama aliyeizaa? Toa hiyo kitu ku uso."

Miwani ilikuwa imeshajaa ukungu, jasho linanitiririka mgongoni. Nikatoa miwani, nikatoa barakoa. Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina langu la kweli, nikamtajia baba yangu, nikamwambia tunakaa Ndosho. Akatikisa kichwa polepole.

"Sasa tunaweza kuongea." Akaweka mkono juu ya mfuko, pale ambapo uso wa mwenzetu ulikuwa. "Na huyu? Nitajua namna gani kama ni mtoto wangu?"

Watu wote wakawa kimya. Hapo akatoka kwenye mchezo bila kuondoka kwenye mkeka, akatuambia kwamba dada yake amezikwa Butembo. Yeye alifika, akaonyeshwa mfuko kwa mbali, kisha kaburi. Mpaka leo, akasema, simu ikilia usiku kwanza anafikiri ni dada yake.

Mtafiti mmoja, msichana aliyekaa nyuma na daftari, alimfuata baadaye kuomba ruhusa. Mama alikataa jina lake lisiandikwe. Lakini maneno yake alitaka yaandikwe yote, na alisimama pale mpaka aliposomewa.

Jioni ile tulikaa mpaka usiku. Mtafiti alitueleza kwamba mwongozo wa mazishi salama, tangu mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014, unataka timu ifike bila yale mavazi, isalimie, itoe pole, ndipo ivae. Alisema pia kwamba malalamiko kama ya yule mama yalikwisha kuwafikia wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu kutoka kwa familia nyingi, na kwamba mifuko yenye sehemu ya kuonyesha uso ilikuwa inatumika. Sisi tulikuwa tumeruka yote hayo, kwa sababu mtu aliyevaa nyeupe kichwa mpaka miguu anayeingia ghafla anapendeza kwenye mchezo.

Tukaandika upya. Niliingia na shati langu la kawaida, nikapeana salamu kwa mbali, nikakaa kwenye kiti walichonipa, nikavaa ovaroli mbele ya macho yao. Bibi tukampa swali la yule mama, neno kwa neno. Na fundi cherehani wa Birere akatukatia dirisha kwenye gunia, akashonea nailoni angavu ya kufunikia meza.

Dominika iliyofuata tulicheza mtaa wa Katoyi. Wazee waliinuka mmoja mmoja kuja kuchungulia. Mwenzetu aliyelala ndani alituambia baadaye kwamba kila akipumua nailoni ilikuwa inaingia ukungu usoni pake. Kwa hiyo kila aliposikia hatua za mtu zinakaribia, alifumba macho na kuzuia pumzi mpaka huyo mtu amtazame na kuondoka.