Siku niliyojiuliza seva yangu inakufaje

Kwa miezi miwili nimekuwa nikiitunza seva ndogo ya Python inayopokea taarifa za malipo, na muda wote huo nilishughulikia kuiwasha tu: poti 8000, idadi ya michakato, akiba ya miunganisho ya hifadhidata, yaani ile inayowekwa wazi tayari kwa matumizi. Leo ndipo nilipokaa nikajiuliza inakufaje.

Kilichonichochea ni jambo dogo. Kila nilipopandisha toleo jipya, kontena la zamani, yaani kifurushi ambamo seva huendeshwa, lilichukua sekunde 10 kamili kuzimika. Idadi iliyokamilika hivyo ilipaswa kunishtua mapema, kwa kuwa Docker, programu inayoendesha makontena, ikitakiwa kusimamisha kontena hutuma SIGTERM, ishara ya kuomba programu ijizime, hungoja sekunde 10, kisha huua kwa SIGKILL, ishara ambayo programu haina namna ya kuikataa. Kumbe Uvicorn, programu inayoiendesha seva yangu, haikuwahi kuisikia ishara ya kwanza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika skripti ya sheli, programu inayotekeleza amri za mfumo, inayorekebisha majedwali ya hifadhidata kisha kuiita seva. Sheli ikabaki kuwa mchakato nambari 1 ndani ya kontena, ikapokea ujumbe na kuukalia. Dawa ilikuwa neno moja, exec, mbele ya amri ya mwisho, ili seva ishike nafasi ya sheli badala ya kuishi chini yake. Seva ya aina hii haingoji ombi moja liishe ndipo ishike jingine, hivyo mchakato mmoja huweza kuwa na mamia ya maombi mkononi, na kila niliposasisha nilikuwa nikiyakata yote kwa pigo moja. Nimeona aibu.

Baada ya hapo ilianza kuzimika kwa utaratibu: inaacha kupokea miunganisho mipya, inasubiri maombi yaliyomo yaishe, ndipo inaiambia programu ifanye usafi wake, mahali nilipoweka amri ya kuifunga hifadhidata. Hata mama ntilie hufunga hivyo. Hamwagi maji jikoni wakati wateja waliokwisha kuketi bado wanangoja sahani.

Nilidhani nimemaliza, lakini logi, kumbukumbu za matukio ya seva, zikaonyesha kazi ya kutuma risiti ikilalamika kwamba muunganisho umeshafungwa. Kazi hiyo niliianzisha kwa create_task, amri ya kuanzisha kazi ya pembeni, nikaiacha iende zake ili mteja ajibiwe upesi, nikasahau kwamba seva huyajua maombi tu, wala haina habari na kazi ninazozianzisha pembeni. Tena asyncio, maktaba ya Python inayoziendesha kazi hizo, yenyewe haizishikilii kwa nguvu, kiasi kwamba kazi isiyo na mwenyewe inaweza kufagiliwa kabla haijaisha. Sasa naziweka zote katika seti moja. Wakati wa kuzima nazingoja sekunde 5, zilizobaki nazifuta, na miunganisho hufungwa mwisho kabisa.

Likabaki suala la hesabu. PostgreSQL, hifadhidata ninayoitumia, isipobadilishwa hukubali miunganisho 100. Michakato yangu 4, kila mmoja ukiwa na akiba ya 20, hufikisha 80, lakini wakati wa kubadilisha toleo, kontena la zamani na jipya huishi pamoja kwa muda, na 80 inaweza kuwa 160. Nimepunguza akiba hadi 10.

Jaribio la mwisho nimelifanya saa tano usiku. Kontena limezimika kwa sekunde 2, na mstari wa mwisho katika logi unasema hifadhidata imefungwa.