Siku niliyombeba bibi mgongoni, Vijzelgracht

Septemba 2008 nilikuwa Amsterdam, nafanya kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kiholanzi, anakaa ghorofani pale mtaa wa Vijzelgracht, kwenye vile vinyumba vyembamba vya wafumaji vya karne ya 17. Mbele ya mlango wake ndo walikuwa wanachimba stesheni ya metro, treni ya chini ya ardhi, ya njia inayoitwa Noord/Zuidlijn, shimo lenye kina balaa, limezungushiwa kuta za zege zilizozamishwa ardhini. Mwezi wa 6 ukuta ulishavuja, nyumba 4 za jirani zikadidimia kama sentimita 15, sisi tukasema Mungu katuepusha.

Basi tarehe 10 nipo jikoni napasha supu, nikasikia mlio ndani ya ukuta kama mtu anavunja kuni kavu. Kugeuka hivi, ufa umeanzia kona ya dirisha umeshuka mpaka kwenye soketi, ncha ya kidole inaingia, na asubuhi ile ile nilikuwa nimepangusa hapo hapo hakuna kitu.

Nyumba za zamani za kule zimesimama juu ya nguzo za miti zilizopigwa kwenye udongo laini mpaka zikutane na mchanga (kwetu Tanga boriti ziko darini, wenzetu wamezipanga chini), sasa ukuta wa shimo ukivuja maji yanaondoka na mchanga, na nyumba nayo inafuata. Safari hii zilishuka mpaka sentimita 23.

Tukaambiwa tokeni sasa hivi. Ngazi zao ni nyembamba zimesimama wima, hata makabati yanapitishwa dirishani kwa kamba, na bibi magoti yalishachoka, nikachuchumaa nikamwambia nishike shingo. Mwepesi jamani, nilisikia moyo wake unapiga mgongoni kwangu. Akasema funga mlango. Nikajaribu, fremu imepinda, ufunguo hauzunguki, nikauacha.

Kazi ilisimama miezi, baadaye ikaendelea, treni zikaanza 2018. Naipanda na ni nzuri kweli, ila mpaka leo naona wale waliokuwa wanalala juu ya shimo walisikilizwa wakiwa wamechelewa mno.

Bibi hakuifikia 2018. Huko tulikohamishiwa kila asubuhi alikuwa ananiuliza, mwanangu, mlango ulifunga? Namjibu ndiyo bibi, nilifunga.