Jina simtaji, nisije nikamtia nuksi

Wiki hii sisi wa Arsenal usingizi umekata. Kuna mtu anatajwa, na dau linalosemwa likilipwa kweli basi rekodi ya klabu ya mchezaji ghali, anayoishika kiungo wetu Declan Rice, imeenda, zile paundi milioni 105 za 2023, mia yenyewe na tano za nyongeza. Jina lake siliandiki hapa mniwie radhi, manake nikishampenda mtu kwenye tetesi tu dili linakufa. Januari 2023 nilikuwa nshamkariri Mudryk, winga wa Ukraine, klipu zake nimeangalia mpaka najua anapunguzia wapi mwendo kabla ya kumpita beki, ghafla nasikia Chelsea wamempitia juu kwa juu, na sisi tukaenda kumchukua Trossard pale Brighton kwa hela ambayo haifiki hata nusu. Watu walinuna! Walionuna ndo hao hao baadaye wakamwimba Trossard kwa sauti kuliko mtu yeyote, najua manake na mimi nilikuwemo kwenye kununa na kwenye kuimba.

Sasa juzi tumekaa washkaji wanne tunabishana, mmoja ananiambia kaka hela si zako, zinakuuma nini? Nikamwambia zinaniuma kwa sababu ya Pépé, winga wetu wa zamani.

2019 hiyo. Milioni 72 kutoka Lille, rekodi ya klabu, tulishangilia kama tumebeba kombe. Msimu uliotangulia alikuwa amefunga magoli 22 kwenye ligi ya Ufaransa na sisi hilo namba 22 tulilishika kama ushahidi mahakamani, hakuna aliyekumbuka kuuliza mangapi ni penati. Yalikuwa tisa. Kuja kwetu penati anapiga mtu mwingine, timu haishambulii kwa kukimbilia nafasi kama Lille walivyokuwa wanafanya, akawa anapokea mpira amesimama, mabeki wawili wako mbele yake, anageukia mguu wa kushoto kila mtu anajua anageukia wa kushoto. Baadaye Emery mwenyewe, kocha wetu wa wakati huo, akasema yeye alikuwa anamtaka Zaha, winga wa Crystal Palace. Yani mtu ghali kuliko wote kwenye historia ya klabu mpaka wakati huo hakuwa chaguo la kocha, hapo unategemea nini?

Na simtukani Pépé, ieleweke. Fainali ya Kombe la FA 2020 na Chelsea pasi ya goli la pili la Aubameyang ni yake, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Shida ni kwamba kila akipoteza mpira watu hawaoni mpira umepotea, wanaona milioni 72 zinadondoka. Winga wa milioni 20 akipiga nje tunasema bahati mbaya, yeye akipiga nje tunapiga hesabu. Kaenda Nice kwa mkopo, 2023 mkataba ukavunjwa kwa makubaliano, akaenda zake Uturuki bure. Hata senti hatukupata.

Hapo ndo mshkaji wangu hapaelewi, yeye anadhani hela ya usajili ni begi moja, likishatolewa limetolewa basi maisha yanaendelea. Wapi. Kwenye vitabu dau linagawanywa kwa miaka ya mkataba, ukimnunua mtu milioni 100 kwa mkataba wa miaka mitano basi kila mwaka anakula 20 kwenye hesabu, acha mshahara. Ndo maana Chelsea walikuwa wanawapa watu mikataba mirefu kama mkopo wa nyumba, Mudryk alipewa miaka minane na nusu, mpaka wenye sheria wakashtuka wakasema kugawanya mwisho miaka mitano. Sasa mtu akichemsha mwaka wa pili bado ana 60 kwenye vitabu, ukitaka kumuuza bila hasara lazima upate anayetoa hizo 60, na nani anatoa 60 kwa mtu aliyechemsha? Basi unabaki naye. Anakaa benchi na mshahara mnene, halafu wenzake ambao wanacheza kila wiki wanagonga mlango wa ofisi wanauliza kama yule anapata vile mbona mimi hivi.

Tena sio sisi peke yetu. Man United walimwachia Pogba akaondoka 2012 kwa vijisenti, 2016 wakamrudisha kwa milioni 89, 2022 akaondoka tena bure. Mtu mmoja kawaponyoka mara mbili! Hiyo nikiwa na stress huwa naikumbuka nacheka.

Lakini (na hapa ndo wenzangu walinibana) kuna Rice. Na kwa Rice sina pa kujificha, manake 2023 mimi nilikuwa mstari wa mbele kulalamika, mia kwa kiungo mkabaji? Man City wenyewe wameweka 90 wakajitoa, sisi tunajifanya nani? Nilikosea, na nilikosea vibaya. Mwezi wa tisa tu Man United yuko kwetu, dakika za nyongeza, kona, mpira unamfikia Rice, anautuliza kifuani, anapiga, goli. Halafu 8 Aprili 2025 na Real Madrid, faulo ya kwanza ameuzungusha nje ya ukuta, kipa wao Courtois anauona lakini mikono haifiki, ya pili ameiweka juu kabisa pembeni, mtu ambaye tangu aanze kucheza ligi ya wakubwa hajawahi kufunga faulo ya moja kwa moja. Mbili usiku mmoja. Ile ya pili sikushangilia hata, nilishika kichwa tu. Toka siku ile ukiniuliza bei ya Rice nitakwambia tulimuiba.

Ila ona tofauti. Kwa Rice kila mtu alijua anakuja kucheza wapi na kocha alimtaka yeye, sio mwenzake. Ndo maana juzi niliwauliza swali moja tu, huyu wa sasa akija anamtoa nani? Kimya. Mmoja akasema atacheza tu kaka, mchezaji mzuri hakosi nafasi. Hilo jibu ndo linanitia hofu kuliko dau lenyewe, manake 2019 nililitoa mimi, neno kwa neno.

Na tuna historia ya vituko kwenye mambo haya, 2013 tulipeleka paundi 40,000,001 kwa Suárez, mshambuliaji wa Liverpool, tukiamini ile moja ya mwisho ndo itafungua mlango, wenyewe wakatucheka hadharani. Kiangazi hicho hicho siku ya mwisho akaja kiungo Özil kwa milioni 42.5 na tukasahau yote, ndo tulivyo.

Saa hizi simu imeingia ujumbe, mshkaji anasema vipimo vya afya ni wiki ijayo, kaona mahali. Nimemjibu sawa. Halafu nimefungua magoli yake ya msimu uliopita, moja moja, naandika pembeni zipi ni penati.